Chaji asilimia 100, gari halifunguki

Nilipobonyeza rimoti mara ya kwanza nilidhani nimekosea kitufe. Mara ya pili niliisogeza karibu na kioo cha gari. Mara ya tatu nikajikuta naitikisa, kama mtu anayetikisa kiberiti asikie kama bado mna njiti.

Kimya.

Ilikuwa saa kumi na mbili unusu asubuhi, Tabata. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshuka basi la Moshi, baada ya siku 16 za msiba wa mama mdogo. Gari langu la umeme lilikuwa pale pale nilipoliacha, limejaa majani ya mwembe, kebo ya chaji imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Niliichomeka mwenyewe asubuhi ya kuondoka, kwa mapenzi kabisa, nikisema angalau nikirudi nitalikuta limeshiba.

Na kweli lilikuwa limeshiba. Hilo ndilo lililokuja kuninyima usingizi.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ya masafa mpaka alipostaafu, alikuwa anafagia uwanja wake. Aliniona nahangaika na ule ufunguo mdogo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, akaegemeza fagio ukutani, akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa."

"Limegoma?"

"Halina hata taa moja."

"Basi tulisukume. Nawaita vijana."

Nikamweleza kwamba hili hata likisukumwa mpaka Buguruni haliwaki. Halina injini ya kushtua. Akauliza stata, nikamwambia halina. Akauliza altaneta, nayo halina. Akatikisa kichwa, kile kichwa cha mtu anayekusikitikia bila kukutukana.

Saa moja baadaye fundi alifika na kufungua boneti. Mzee akachungulia. Pembeni, chini ya kifuniko cha plastiki, ilikaa betri ya kawaida kabisa: volti 12, nyeusi, terminali zake mbili zimeota unga mweupe. Ndugu wa tumbo moja na ile iliyomo kwenye pikapu yake.

Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Gari la umeme limekufa betri! Sasa mwanangu, kama halina stata, hii ni ya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo nimekaa nalo mpaka ilipokaribia arobaini ya mama mdogo.

Kuamshwa na bodaboda

Fundi hakuja na betri kubwa wala na nyaya nene. Alikuja na kimfuko chake cha bisibisi na mita, amepakiwa kwenye bodaboda. Akapima: volti 4 na kitu. Akamgeukia kijana aliyemleta. "Niazime betri yako dakika mbili."

Nilidhani anatania. Betri ya pikipiki ni kidude cha kushika kwa mkono mmoja.

"Dada, hili halitaki nguvu," alisema. "Linataka kuamshwa tu."

Akaifungua, akaiunganisha kwa nyaya mbili, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nikakaa ndani, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Chini ya miguu yangu kitu kikagonga: *kla*. Kisha tena: *kla*. Kioo kikawaka, na pale kwenye alama ya betri kubwa, kwa rangi ya kijani, kikaniandikia asilimia 100.

Mzee hakucheka tena. Alimtazama yule kijana, akaitazama pikipiki, akalitazama gari langu.

"Yaani hiyo ndiyo imeliamsha hili?"

Ile milio miwili ndiyo ufunguo wa habari yote, ingawa siku ile niliisikia tu na kuipita.

Ghala na ufunguo

Betri kubwa ya gari langu inabeba kilowati-saa 40, kwa volti zaidi ya 350. Umeme wa kiwango hicho unaua. Kwa hiyo waliolitengeneza hawakuuacha uzurure ndani ya bodi gari likiwa limezimwa. Betri kubwa imefungiwa ndani ya kasha lake, na kati yake na sehemu nyingine za gari kuna swichi nzito zinazoitwa kontakta. Gari likizimwa, kontakta zinaachia. Likigongwa, zinaachia pia, ili anayekuja kukuchomoa asipigwe shoti. Ili zishike, zinahitaji umeme wa pembeni unaozivuta na kuendelea kuzishikilia.

Umeme huo unatoka kwenye volti 12.

*Kla* ya kwanza na *kla* ya pili ni kontakta zikishika. Ndipo ghala linapofunguka, na kifaa kinachoitwa konveta kinachukua volti zile mia tatu na ushee, kinazishusha mpaka 14 hivi, kinaanza kuilisha betri ndogo. Ndiye altaneta wa gari la umeme, asiye na mkanda wala mlio.

Kwa hiyo ukifika usiku mwenye ufunguo amezimia, ghala limejaa mpunga na watu wanalala njaa nje. Betri ndogo yangu ikiwa mpya ni ampea-saa 45, kama nusu kilowati-saa. Ile kubwa inaizidi mara 70 na zaidi. Haina njia ya kumpelekea mwenzake hata tone mpaka huyo mwenzake aifungulie kwanza.

Milango, taa, honi, waipa, kompyuta za breki, mifuko ya hewa, vyote vinakula volti 12, sawasawa na pikapu ya mzee. Na kuna sababu nyingine ya kuiacha: betri kubwa ikijikata ghafla barabarani, unahitaji kitu cha kuwashia taa za hatari na kuziweka macho zile kompyuta za breki wakati unatafuta pembeni.

Hilo lilikuwa jibu la nusu. Lilieleza betri ndogo ni ya kazi gani. Halikueleza kwa nini ilikufa.

Taa za harusi

Lazima nikiri kitu. Gari lilikuwa limeshanisemesha.

Tangu Januari, asubuhi moja moja, nilipowasha gari kioo kilijaa taa za njano na nyekundu kama ukumbi wa harusi. Hitilafu ya breki. Hitilafu ya usukani. Hitilafu ya mfumo wa umeme. Nazima, nawasha, zinapotea. Nikalipeleka kwenye gereji moja, sitaitaja, wakachomeka kompyuta yao, wakasoma orodha ndefu, wakaniambia pampu ya breki imekufa na inaagizwa Japani. Bei waliyonitajia ilikuwa ya kunitoa machozi. Nikasema nitarudi. Sikurudi, kwa sababu ya ufukara na si kwa sababu ya akili.

Hakuna aliyeweka mita kwenye betri ya volti 12. Hata mimi sikuwaza, na hapo ndipo gari la umeme linapokudanganya. Kwenye gari la petroli betri ikichoka unaisikia. Stata inajikokota, *nyiu... nyiu... nyiu*, wiki nzima inakuomba msaada. Stata inanyonya ampea mia na zaidi kwa sekunde chache, na betri dhaifu haiwezi kuficha aibu yake mbele ya mzigo huo.

Gari la umeme halina mtihani wa namna hiyo. Kuwaka kwake ni kazi ndogo, betri iliyobaki na nusu ya uhai inaiweza bila jasho. Inaweza leo na kesho. Asubuhi moja volti zinashuka kidogo wakati kompyuta zote zinaamka kwa pamoja, kila moja inapata umeme pungufu na kila moja inamlaumu jirani yake. Mpaka siku ambayo hata rimoti haisikilizwi.

Nilijaribu kumweleza mzee hili. Akasema, "Kumbe ni kama yule mgonjwa wa presha. Anacheza bao jioni, usiku hayupo."

Mshukiwa wa kwanza

Fundi aliondoka na betri, akaichaji usiku kucha. Asubuhi ilisoma 12.5. Jioni, bila kuunganishwa na chochote, 11.7.

"Haishiki chaji," alisema. "Hii ulishaimaliza."

*Ulishaimaliza.* Neno hilo lilinichoma. Nimefanya nini mimi?

Nilikuwa na mshukiwa tayari: kifaa cha GPS nilichofungiwa mwaka jana, baada ya magari mawili ya mtaani kwetu kuibwa. Na kamera ya dashibodi, ambayo fundi wa duka aliiunganisha moja kwa moja kwenye betri ili irekodi hata gari likiwa limezimwa. Vyote vinakesha, na vyote vinamnyonya yule yule mdogo.

Tukapima. Sijawahi kuona kazi inayodai subira kiasi hiki. Fundi aliunganisha mita katikati ya betri mpya na waya wake, akakichezea kitasa cha boneti kwa bisibisi ili gari lidhani boneti imefungwa, akanikataza kugusa mlango. Mwanzo mita ilisoma ampea 3. Gari la kisasa likishazimwa halilali papo hapo, linajigeuza-geuza kitandani. Tukanywa chai. Baada ya kama nusu saa namba ikatulia: ampea 0.09. Akachomoa GPS na kamera: 0.03.

Nikachukua kalamu. Ampea 0.09 mara saa 24 ni ampea-saa 2 na ushee kwa siku. Kwa siku 16 ni karibu 35. Betri ya 45, iliyochoka, haivuki hapo.

Nikafurahi. Niseme ukweli, nilifurahi sana kupata wa kumlaumu. Nikaiondoa kamera siku hiyo hiyo, GPS nikaiacha kwa kuwa wezi hawajaacha, nikaona shauri limekwisha.

Lakini hesabu ilikuwa na kitu kinanikereketa. Vifaa vile vilikuwapo mwaka mzima. Mwezi wa nane nilisafiri siku 18, nikarudi, gari likafunguka bila neno. Kweli betri ilikuwa bichi zaidi wakati ule, lakini si kwa kiasi hicho. Mwezi wa nane kulikuwa na tofauti gani?

Nilikumbuka usiku, nimelala. Mwezi wa nane umeme ulikuwa umekatika asubuhi ya safari.

Mwezi wa nane sikuchomeka kebo.

Kebo

Nilimpigia fundi saa moja asubuhi, akapokea kwa sauti ya mtu asiyenipenda tena. Jumamosi akaja. Tukarudia kila kitu: mita, bisibisi kwenye kitasa, chai. Safari hii tukalichomeka kwenye chaji, tukasubiri lijae na kuacha kuchaji, kisha tukaendelea kusubiri lilale.

Halikulala. Mita ilishuka mpaka 0.3 ikakaa hapo. Saa nzima.

Gari langu, kebo ikiwa imechomekwa, linabaki limefumbua jicho moja. Kompyuta ya chaji inaendelea kuongea na ukuta, ikisubiri pengine utataka kitu. Wakati linachaji hakuna tatizo, konveta inafanya kazi na betri ndogo inakula pamoja na kubwa. Chaji ikikamilika, kontakta zinaachia, ghala linafungwa, na mlinzi anabaki mlangoni na jicho lake moja, bila chakula. Si magari yote yana tabia hii, na mengine hujiamsha kila baada ya muda kuilisha betri ndogo. La kwangu linayo, na kwenye kitabu cha maelekezo, nilipompata binamu anayesoma Kijapani, kweli imeandikwa: ukishamaliza kuchaji, chomoa.

Ampea 0.3 mara saa 24 ni zaidi ya 7 kwa siku. Betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake, tuseme 22, inamalizika siku ya nne alfajiri.

Siku ya nne ndiyo tuliyomzika mama mdogo.

Sijui kwa nini hilo linanigusa, ni betri tu. Lakini nimewaza mara nyingi: tupo Kibosho, mvua nyembamba, watu wanaimba, na huku Tabata kitu nilichokiacha nikidhani nimekitunza kinakata roho kwa sababu ya ule utunzaji wenyewe.

Ugonjwa wenyewe

Kisha ikakaa imekufa siku 12 zilizobaki, na hapo ndipo ilipoharibika kabisa. Ndani ya betri hii mna sahani za madini ya risasi na asidi, mpango ule ule aliouvumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Inapotoa umeme, sahani zinajipaka salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha, inakomaa kuwa fuwele ngumu, kama chumvi kwenye sufuria ya maji ya kisima, na kila sehemu iliyofunikwa ni sahani iliyopotea. Betri nzima yenye afya husoma 12.6 au juu kidogo ikiwa imepumzika. Ikizoea kukaa chini ya 12.4, ukoko unajengeka kimyakimya.

Joto la Dar linaongeza kasi. Mafundi wana kanuni yao kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hukata maisha ya betri kama nusu. Hapa gari la umeme lilipaswa kushinda, maana halina injini ya kuichoma betri. Na zipo zinazodumu miaka mingi bila bughudha.

Tatizo ni kazi yenyewe. Betri ya gari ilizaliwa kwa ajili ya stata: sahani nyembamba nyingi, za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Ndani ya gari la umeme anapewa kazi nyingine, kutoa kidogo kidogo usiku kucha, siku baada ya siku. Ni kumchukua mkimbiaji wa mita 100 ukampa rungu na koti la mlinzi. Ongeza kwamba magari mengine, kwa kubana matumizi, huishusha chaji ya konveta mpaka volti 13 hivi, na mlinzi hashibi hata mchana.

Wala haya si ya magari ya mtumba peke yake. Machi 2024 Hyundai na Kia ziliyaita magari kama 147,000 yarudi kurekebishwa huko Marekani kwa sababu kifaa kinachoilisha betri ndogo kiliweza kuharibika na kuacha kuilisha, gari likapoteza nguvu njiani. Tesla waliachana na risasi kwenye baadhi ya magari yao kuanzia 2021, wakaweka ndogo ya lithiamu, kisha mwaka 2023 wakatoa Cybertruck yenye mfumo wa volti 48. Wengi bado wanaweka ile ile ya Planté. Ni rahisi, na inapatikana Kariakoo.

Ile mpya yangu niliipata huko huko. Muuzaji alinishawishi nichukue kubwa zaidi, "ili ikae". Haikuingia kwenye kitako chake. Nikachukua ya saizi yake.

Mzee anapima

Kwa safari ya arobaini nilijiandaa kama mtu anayemwachia mtoto yaya. Nilichaji mpaka asilimia 60, nikachomoa kebo, nikaikunja na kuiweka ndani ya nyumba ili nisishawishike. Nikanunua mita ya bei ndogo, nikaipeleka kwa mzee pamoja na ule ufunguo wa chuma, nikamwonyesha pa kugusa.

"Nyekundu hapa, nyeusi pale. Ikishuka chini ya 12.2 nipigie, nitakuelekeza uliwashe nusu saa ipumue."

"Na hiyo kazi yake nimeshaielewa," alisema. "Ni ya kufungua."

Alipiga siku ya sita, tukiwa tunapika. Nikatoka nje na moyo unanidunda.

"Ya kwako kumi na mbili nukta tano."

"Asante sana mzee. Hiyo ni nzuri."

Kimya kidogo kwenye simu. Nikasikia boneti ikifungwa, na haikuwa na mlio wa boneti yangu.

"Ya kwangu kumi na moja nukta tisa," akasema. "Yule fundi wako anapokea simu saa ngapi?"